Nafasi ya Bibi Kwenye Gogo

Nyumbani,
Tarehe 6 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu zote zinazomstahili binti aliye mbali na kwao, nikitumaini kwamba waraka huu utakukuta u mzima wa siha, wewe pamoja na wanafunzi wenzako wa uuguzi, na pia matroni wenu, ambaye tafadhali umfikishie heshima zangu ingawa hatujuani. Sisi huku hatujambo. Kabla sijaendelea, yanipasa kukuomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ilinikuta katika pilikapilika za mwanzo wa mavuno, na mkono ukishinda kutwa unashika kapu, jioni hautaki tena kushika kalamu. Hiyo ni sababu, si udhuru. Nisamehe.

Mwanao Kibibi anaendelea vyema. Anakula, analala, na anauliza maswali ambayo mimi na vitabu vyangu vyote vya shule ya misheni hatuwezi kuyajibu. Jana aliniuliza kama marehemu bibi yake huko aliko bado anakoroma. Nilimwambia nitafanya utafiti.

Kakao mwaka huu imezaa kwa fujo. Matunda yameshikilia mashina mpaka chini kabisa. Kazi ya kamati ya kuwalinda watoto na kazi za mashambani nayo imeongezeka, na mimi kama mwenyekiti imenibidi nitembelee nyumba kadhaa. Ya jirani yetu Makelele ilikuwa ngumu. Mwanawe wa kiume alikuwa akibebeshwa magunia ya mbegu mbichi siku za shule. Nilimwambia baba mtu, kwa adabu, kwamba shingo ya mtoto haikuumbiwa gunia, na kwamba samahani sana lakini lazima nimwambie. Akacheka. "Mzee Samahani," akasema, "wewe ndiye mtu wa kwanza duniani anayemgombeza mwenzake huku akimwomba radhi." Lakini kijana amerudi darasani, na baba mtu hanisalimii.

Kuhusu zamu za kupasua matunda, usiwe na wasiwasi. Unakumbuka utaratibu: kila nyumba hupeleka panga moja, yaani mtu mmoja wa kupasua, kwa jirani mwenye zamu, ili siku yake ikifika wote waje kwake. Nafasi ya marehemu mama yako kwenye gogo la wapasuaji haikubaki tupu. Tumejipanga.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori la chama cha wakulima, yule mnayemwita Polepole, ambaye mwendo wake haulingani na jina.

Ni mimi baba yako.

*Mama nimekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni mtoto wa mwalimu kwa hiyo ni kama mimi wa kwanza. Kunguru ameiba sabuni yetu. Kibibi.*


Bweni la wauguzi,
Tarehe 14 Oktoba

Baba,

Shikamoo.

Matroni amezipokea heshima zako. Akauliza kama baba yangu ameoa. Nikamwambia ni mgane. Akauliza tena kama huwa anaongea hivyohivyo au ni kwenye barua tu. Baba, kuwa mwangalifu na heshima zako.

Nimecheka habari ya kunguru mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akanitupia mto. Mwambie Kibibi kuwa wa pili si kama wa kwanza, lakini namkumbatia.

Sasa jambo moja umelipita harakaharaka. Nani amekaa pale pa Mama kwenye gogo? Usiniambie ni wewe. Herufi zako siku hizi zinacheza ngoma, na Mama alikunyang'anya panga mwaka juzi mbele yangu, akasema, "Mume wangu, vidole ulivyonavyo vinatosha, usiviongezee vipande." Kama umempata kijana wa kukusaidia, nimefurahi. Niambie ni nani, nimtumie shukrani.

Mitihani yetu ni Desemba. Nikifaulu, mwakani nitapanga chumba na kumchukua Kibibi. Mpaka hapo nalala vizuri kwa sababu najua yuko wapi na yuko na nani.

Binti yako.


Nyumbani,
Tarehe 3 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwa wingi na kwa upole. Naona haya kwamba nimechelewa tena kukujibu, na safari hii bila hata sababu ya kapu. Mvua zimekuwa nyingi, kazi zimekuwa nyingi, na mimi nimekuwa mchache. Nakuomba uniwie radhi.

Nimefurahi kusikia habari za mitihani. Soma, mwanangu. Mtu aliyeshika kitabu hanyang'anywi kitu.

Chama cha wakulima kilituletea wageni mwishoni mwa mwezi uliopita, nami nikaombwa kusoma hotuba juu ya watoto na mashamba. Walipiga makofi. Siwezi kukuandikia zaidi juu ya siku hiyo.

Kuhusu swali lako la nafasi ya mama yako, mambo yalikuwa yamepangika kwa namna fulani, na sasa yatapangika kwa namna nyingine iliyo bora. Usijisumbue nalo wakati wa kusoma. Kibibi alipata mkwaruzo mkononi, lakini tabibu wa zahanati ameushughulikia na umefungwa vizuri kwa bendeji safi. Anakusalimu.

Mfikishie matroni, la, basi, usimfikishie chochote. Barua hii anayo Polepole, ambaye leo ameniuliza mara mbili kama naumwa.

Baba yako.

*Mama nakupenda. Kibibi.*


Bweni la wauguzi,
Tarehe 10 Novemba

Baba,

Shikamoo.

Nimelizoea jambo moja katika barua zako: mstari wa Kibibi chini. Safari hii una maneno matatu tu, na umepanda juu kama njia ya mbuzi, kisha ukaanguka. Mtoto huyu nilimfundisha kuandika mimi mwenyewe, mezani kwako. Mkono wa kulia unaandika, wa kushoto unaikandamiza karatasi isikimbie. Baba, karatasi imekimbia.

Mkwaruzo haumzuii mtu kushika karatasi.

Tena nilikuuliza swali la watu wazima, ukalizunguka kama mtu anayelikwepa dimbwi. Sikukuuliza mambo yamepangikaje. Nilikuuliza nani amekaa kwenye gogo. Sasa nauliza mawili, na nakuomba unijibu moja moja. Nani alikuwa kwenye gogo? Na mkono wa kushoto wa mwanangu una nini?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Ulinifundisha kwa fimbo, nilipoficha lile jipu.

Binti yako.


Nyumbani
14 Novemba

Mama shikamoo,

Babu ameanza barua yako mara nyingi na kila mara anaichana. Sasa naandika mimi. Yeye ananishikia karatasi, kwa hiyo mistari ikitetemeka si mimi, ni Babu. Anaangalia dirishani ili asisome.

Mama, kwenye gogo nilikuwa mimi. Babu hakunilazimisha. Siku ya kwanza alisema, "Kibibi, ukakae tu pale pa Bibi yako, ukombe mbegu kidogo, watu waone nyumba yetu imeleta mtu." Nikakaa. Lakini anayekomba mbegu hahesabiwi kuwa ameleta panga, na panga la Bibi lilikuwa palepale limechomekwa kwenye gogo. Nikaanza kupasua. Nilikuwa najua, Bibi alinionyesha. Unashika tunda kwa kushoto, unagonga, hukati, halafu unageuza linafunguka. Wamama walinisifu. Wakasema, "Jamani tazameni, marehemu amerudi akiwa mdogo!" Nikafurahi sana Mama. Kwanza ilikuwa Jumamosi tu. Halafu matunda yakazidi ikawa na Ijumaa na Alhamisi. Mwalimu aliuliza, Babu akamwandikia barua nzuri ya samahani.

Siku ile kulikuwa na mvua, tunda likateleza, panga likanipata kidole gumba cha kushoto. Haikuuma palepale. Babu hakuwepo, alikuwa ofisi ya chama anawasomea wageni hotuba. Alikuja anakimbia. Sijawahi kumwona Babu akikimbia, anakimbia vibaya. Kule zahanati aliniomba samahani mpaka tabibu akamwambia, "Mzee, nyamaza nishone."

Kidonda kimefunga. Ila kidole gumba hakikunji. Nakiambia kunja kinakataa.

Usimgombeze Babu. Hali chakula, anasema ameshiba na hajala.

Kibibi


Bweni la wauguzi,
Tarehe 17 Novemba

Baba,

Shikamoo.

Barua ya mwanangu nimeisomea ukumbini. Matroni ameisoma baada yangu. Hajauliza kama umeoa.

Kidole kilichoshonwa kisha kikakataa kukunjika, kano yake ya ndani, ule mshipa unaokivuta, imekatika. Huungwa mapema. Ikiachwa, ncha zake zinakimbiana, na kila siku inayopita daktari anakuwa na kingi zaidi cha kukata na kidogo zaidi cha kuunga. Ungeniambia siku ileile. Makelele ana simu, Baba. Nyumba yake iko hatua chache kutoka mlangoni kwako.

Nilipoondoka sikukuachia maagizo yoyote. Nilimwachia jirani maagizo ya kuku. Wewe sikukuachia, kwa sababu ulikuwa mtu pekee duniani ambaye sikuhitaji kumwambia la kufanya.

Mpakie kwa lori lijalo. Daktari wa mifupa na viungo atamwona hapa. Wewe usije. Nikikuona sasa nitasema maneno ambayo sitaweza kuyarudisha, nami sijalelewa hivyo. Umenilea wewe.

Na tafadhali, usiniombe samahani. Nimezisoma samahani zako tangu nijue kusoma. Niambie tu kwa nini.

Binti yako.


Nyumbani,
Tarehe 22 Novemba

Mwanangu,

Umenikataza neno moja, nami nitajitahidi. Nimegundua kwamba bila neno hilo sijui barua huanzaje.

Umeuliza kwa nini.

Baada ya mazishi, siku ya kwanza ya kupasua ilikuwa kwa Makelele. Nilikwenda nikasimama pembeni. Waliketi kwenye magogo yao kuzunguka rundo la matunda, kila mtu mahali pake pa miaka yote, na palipokuwa pa mama yako wameacha pengo. Hakuna aliyesogea kulijaza. Nadhani walifanya hivyo kwa heshima. Mimi nililisoma kama dai. Nilijiambia: zamu yako itafika, hawa wote watakuja na mapanga yao, na wewe hujampelekea yeyote hata mkono mmoja. Utakuwa mzee anayekula jasho la watu. Nilirudi nyumbani nikamtazama Kibibi.

Ningeweza kukaa pale mimi, nikakomba mbegu. Kukomba hakutaki mkono usiotetemeka. Lakini hiyo ni kazi ya wazee waliokwisha na wasichana, nami nilikuwa mwenyekiti. Ningeweza pia kusema, "Jamani, sina mkono." Mdomo huu, ambao humwomba radhi mbuzi akinipisha njiani, haukuweza kuyatamka hayo. Nilidhani mimi ni mtu mnyenyekevu. Kumbe kuomba radhi na kuomba msaada si ndugu, hata hawafanani. Lile la kwanza nililifanya maisha yangu yote ili nisilifanye la pili.

Na alipolishika panga, nililiona. Sitaki udhani sikuliona. Mtoto wa Makelele akibeba gunia niliita ajira ya mtoto. Wa kwetu akishika panga niliita kushika nafasi.

Liko jambo ambalo Kibibi halijui, na ningeweza kulificha. Tabibu alipomaliza kushona aliniambia, "Mzee, huyu afike hospitali kubwa wiki hii, kidole hiki sikiamini." Hospitali kubwa ndiyo hiyo uliko wewe. Kumpeleka kulikuwa kusimama mbele yako. Nikajiambia tungoje kwanza kidonda kifunge. Kuhusu simu, ningelazimika kuyasema haya uani kwa Makelele, naye akisikia. Nimekuomba radhi mara nyingi kwa kuchelewa, pale ambapo kuchelewa hakukumuumiza mtu. Safari hii kuchelewa kwenyewe ndiko kulikofanya kazi ya panga.

Jumapili niliitisha kamati na wenye zamu wote, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, kisha nikauacha uenyekiti. Makelele ndiye aliyesimama.

"Mzee," akasema, "mimi ulinitembelea na hotuba. Wewe alikutembelea nani?"

Nikajibu hakuna.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na mimi nilimwona yule mtoto," akasema. "Gogo langu linatazamana na lake. Nikasema moyoni, nyani haoni kundule, acha limpate. Halafu nikajisahihisha, nikasema yule ni mwenyekiti, amesoma, ana sababu zake. Lipi lilikuwa baya zaidi sijui."

Mkewe akamvuta shati aketi, akanigeukia mimi. "Na nani alikudai panga, Baba? Marehemu alitupasulia matunda yetu tangu mimi ni bibi harusi. Ungesema 'jamani sina mkono', tungekucheka kidogo, kisha tungekuja. Lile pengo tulikuachia wewe, uje ukae na watu. Hatukumwachia mtoto."

Walikuwa wananiheshimu, mwanangu. Waliniheshimu mpaka mtoto akakatwa na panga. Laiti mmoja wao angenitukana mapema.

Wameamua kwamba nyumba isiyo na mtu mzima wa kushika panga itapasuliwa bila kupeleka mtu, na kwamba panga likishatoka, mtoto yeyote akionekana karibu na rundo kazi inasimama mpaka aondoke. Makelele ndiye mwenyekiti mpya. Siku ya pili alikuja kunitembelea rasmi, kwa niaba ya kamati, amevaa viatu. Nilimpa kiti. Akanisomea hotuba yangu mwenyewe, ile niliyomwachia kwa maandishi, yote, kuhusu shingo ya mtoto na gunia, bila kuruka chochote isipokuwa mahali nilipoandika "samahani sana". Nilimsikiliza nimesimama. Alipomaliza alinisalimia, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Sasa nakaa kwenye gogo mimi. Nakomba mbegu. Panga la mama yako nimelifunga kwenye gunia na kulitia darini. Akina mama wananiita "msichana wetu mpya", nami naitika.

Sikuombi umrudishe Kibibi, wala sikuombi uje. Nakuomba jambo moja, na nimelifanyia mazoezi kwa sauti, kwa kuwa sijalizoea: daktari akishamwona, niambie kidole kikoje, hata kama habari ni mbaya, hata kwa maneno matatu. Nitakuwa uani kwa Makelele kila Jumamosi alasiri, karibu na simu, naye amekubali nikae hapo mbele ya watu wote.

Mke wa Makelele atasafiri na mtoto mpaka mlangoni kwako. Polepole ameapa kwenda polepole. Begi la nguo, vitabu vya shule na mkungu wa ndizi vyote amevichukua mama huyo. Kibibi amenuna, alitaka kubeba walau ndizi, akasema mkono wa kulia ni mzima. Nimekataa.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, mfukoni. Hajabeba kitu kingine.

Baba yako.